Kaboni ya Volkano na Ushahidi wa Udongo wa Kilwa

Abiria wa mabasi ya kusini wanaijua Nangurukuru kama njia panda. Ukinyoosha unakwenda Lindi na Mtwara, ukikata kushoto unaingia Kilwa Masoko. Wanajiolojia wa nchi nyingi wanalijua jina hilo hilo kwa jambo jingine kabisa. Mwaka 2006 miamba iliyo chini ya sehemu hii ya pwani ilipewa rasmi jina la Kundi la Kilwa, ikagawanywa katika matabaka manne yaliyobeba majina ya hapo hapo: Nangurukuru, Kivinje, Masoko na Pande. Kwa macho ni udongo mfinyanzi, mzito, wa kunata, wa kusumbua watu mvua inaponyesha. Kwa asili yake ni matope yaliyotua chini ya bahari, kwenye kina cha mita mia kadhaa, kuanzia zaidi ya miaka milioni 80 iliyopita hadi takriban miaka milioni 33 iliyopita. Katika muda huo dunia ilipitia joto ambalo hakuna binadamu aliyewahi kuliona, kisha ikapoa mpaka bara la Antaktika likafunikwa na barafu. Matope ya Kilwa yalikuwa yakitua, yakizika viumbe vidogo vilivyoelea baharini, na ndani ya maganda ya viumbe hao kumbukumbu ya joto na ya hewa ikabaki.

Joto lile lilitoka wapi? Jibu ambalo limepewa uzito kwa miaka mingi ni volkano: milima ya moto hutoa hewa ukaa, hewa ukaa huzuia joto lisitoroke kwenda anga za juu, na dunia hupata joto. Jibu hilo ni sahihi, ila halitoshi. Nikiupima ushahidi wote uliopo, naona kwamba kilichoamua tabianchi ya kale si wingi wa kaboni iliyotoka ardhini peke yake. Kasi ndiyo iliyoamua: kasi ya kaboni kutoka, ikipimwa na kasi ya dunia kuirudisha ardhini. Na ni mahali pachache duniani panapoonyesha jambo hili waziwazi kama pwani ya Kilwa na Lindi, ambayo yenyewe haina hata mlima mmoja wa volkano.

Tuanze na njia ambayo kaboni hupita. Wachoma chokaa wa mwambao waliijua kemia yake kwa mikono yao. Magogo hupangwa kwa duara, mawe ya matumbawe hurundikwa juu, moto huwashwa, na moto ukishakula kuni zake jiwe lililokuwa zito linageuka kuwa chokaa nyeupe, nyepesi. Wepesi huo una hesabu yake: kila kilo 100 za jiwe safi la chokaa hupoteza kilo 44 za hewa ukaa, zikabaki kilo 56. Chokaa hiyo ikichanganywa na maji na mchanga ikapakwa ukutani, huanza kuivuta hewa ukaa kutoka hewani na kugeuka jiwe upya. Kuta za Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani zimeshikana kwa kazi hiyo ya polepole. Dunia nayo hufanya mambo hayo mawili, kuchoma na kurudisha, kwa ukubwa unaopita mawazo yetu. Chini, sakafu ya bahari yenye chokaa huzamishwa chini ya bamba jingine la dunia, hupata joto, na hewa ukaa yake hupanda kupitia volkano. Kaboni nyingine hutoka moja kwa moja kwenye tabaka la moto lililo chini ya ganda la dunia.

Juu, mvua inaponyesha huyeyusha hewa ukaa kidogo na kuwa asidi hafifu. Asidi hiyo huila miamba migumu kama ile tunayoiona ikichomoza ghafla kutoka tambarare za Masasi na Nachingwea. Mito kama Matandu, Mavuji na Mbwemkuru huchukua madini yaliyoyeyuka na kuyafikisha Bahari ya Hindi. Humo viumbe huyatumia kujenga maganda ya chokaa, viumbe hufa, maganda huzama, na kaboni iliyokuwa hewani inalala sakafuni mwa bahari ikiwa mwamba. Mwaka 1981 wanasayansi watatu wa Marekani, James Walker, Paul Hays na James Kasting, walieleza kwa nini mfumo huu haujaiacha dunia iungue wala igande moja kwa moja. Joto likipanda, mvua huongezeka na miamba huliwa haraka zaidi, kwa hiyo kaboni nyingi zaidi huondolewa hewani. Joto likishuka, kazi hiyo hupungua na volkano hupata nafasi ya kuijaza hewa tena. Ni kidhibiti kizuri sana, lakini hakina haraka. Hufanya kazi yake kwa maelfu mengi, hata mamia ya maelfu ya miaka. Hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu yote.

Afrika Mashariki tunaweza kuutazama upande wa kutoa kwa karibu. Ol Doinyo Lengai, kusini mwa Ziwa Natron, ndiyo volkano pekee hai duniani inayotoa lava ya kabonati ya sodiamu. Lava hiyo haina joto kali kama lava nyingine, ni takriban nyuzi 500 hadi 600, hutiririka ikiwa nyeusi, na baada ya kukutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe kama magadi. Vipimo vilivyochapishwa miaka ya 1990 vilikadiria kwamba kreta yake ilitoa kati ya tani 6,000 na 7,000 za hewa ukaa kwa siku. Hata pasipo na mlima, ardhi ya Bonde la Ufa huvuja. Mwaka 2016 watafiti waliopima hewa inayotoka kwenye nyufa za ardhi kati ya Natron na Magadi walikadiria kwamba tawi lote la mashariki la Bonde la Ufa hutoa takriban tani milioni 71 kwa mwaka. Vipimo vilivyofuata nchini Ethiopia vililishusha kadirio hilo kwa kiasi kikubwa. Mimi sioni ajabu: ni vigumu kupima kitu kisichoonekana, kinachotoka kwenye ufa huu na kuuacha ufa wa jirani. Watu wa Goma na vijiji vya chini ya volkano ya Nyiragongo hawahitaji makadirio. Wao wanayajua mazuku, mabonde madogo ambamo hewa ukaa nzito hutuama na kuua mbuzi, na wakati mwingine mtu aliyekwenda kumtafuta mbuzi wake.

Kuna jambo moja la kuondoa njiani, kwa sababu huwachanganya wengi. Volkano ikilipuka leo, mara nyingi dunia hupoa. Pinatubo ya Ufilipino ilipolipuka mwaka 1991, wastani wa joto la dunia ulishuka kwa takriban nusu nyuzi kwa muda mfupi. Sababu ni salfa, ambayo hupanda juu sana na kutanda kama ukungu unaorudisha mwanga wa jua. Ukungu huo husafika ndani ya miaka michache. Hewa ukaa haisafiki hivyo, hubaki na kujumlika. Mlipuko mmoja, hata uwe wa Krakatau ya mwaka 1883 ambao mawe yake mepesi yalielea baharini hadi Zanzibar mwaka uliofuata, haubadilishi tabianchi ya dunia kwa kaboni yake. Kinachoibadilisha ni volkano isiyokoma: maelfu ya miaka ya lava kumwagika kwenye eneo la ukubwa wa nchi kadhaa. Milipuko ya namna hiyo imetokea mara chache tu katika historia ya dunia. Ile ya Siberia, takriban miaka milioni 252 iliyopita, iliyounguza makaa ya mawe na chumvi zilizokuwa ardhini, iliambatana na kifo kikubwa zaidi cha viumbe kinachojulikana.

Sasa turudi kwenye matope ya pwani. Mtu akisikia visukuku vya Lindi, huwaza Tendaguru, na ana haki. Pale, kati ya mwaka 1909 na 1913, mamia ya watu wa kusini wakiongozwa na msimamizi Boheti bin Amrani walifukua mifupa ya dinosaria ambayo Wajerumani waliisafirisha Berlin, akiwemo yule mkubwa, Giraffatitan, aliyesimamishwa kwenye jumba la makumbusho mpaka leo. Lakini kwa anayetaka kujua hewa na joto la zamani, kijiko kimoja cha udongo wa Kilwa kina habari nyingi kuliko mfupa wa paja la dinosaria.

Kazi yenyewe ni ya subira. Udongo hulowekwa ndani ya maji mpaka uachane, humwagwa kwenye chujio lenye matundu madogo kuliko unene wa unywele, na maji hupitishwa mpaka yatoke meupe. Kinachobaki hukaushwa na kutandazwa kwenye kisahani cheusi chini ya hadubini. Pale zinaonekana punje kama mchanga, ila mchanga huu una umbo: vijumba vya duara vilivyopangwa kama mzunguko wa konokono, vingine na miiba mirefu, kila kimoja kikiwa ganda la kiumbe cha seli moja kiitwacho foraminifera. Huokotwa kimoja kimoja kwa ncha ya brashi iliyoloweshwa. Penye bahari nyingi maganda haya ya kale huonekana meupe na ya chaki. Ya Kilwa hung'aa kama kioo, unaona mpaka ndani.

Mng'ao huo ndio uliobadilisha sayansi. Ganda linapojengwa, oksijeni nzito na oksijeni nyepesi huingia ndani yake kwa uwiano unaotegemea joto la maji: maji yakiwa baridi, ile nzito huongezeka. Kwa kupima uwiano huo unapata nyuzi za bahari ya wakati ule. Kwa miaka mingi vipimo vya maganda kutoka sakafu ya bahari kuu vilionyesha jambo lisiloeleweka. Wakati wa Eosini, enzi iliyoanza miaka milioni 56 iliyopita, ncha za dunia zilikuwa na joto la kuotesha misitu na kufuga mamba, huku bahari za tropiki zikionekana kuwa baridi kuliko za leo. Kama hivyo ndivyo ilivyokuwa, basi hewa ukaa haikuwa sababu ya joto lile, kwa kuwa haiwezekani ipashe ncha na kuipoza ikweta. Baadhi ya wanasayansi walianza kuitilia shaka nadharia nzima.

Mwaka 2001 Paul Pearson wa Uingereza na wenzake walichapisha vipimo vya maganda yenye mng'ao kutoka miamba ya aina hii ya udongo, pamoja na ya Tanzania. Bahari ya tropiki ya wakati ule ilikuwa na nyuzi 28 hadi 32, sawa na ya leo au kuizidi. Kosa lilikuwa kwenye maganda ya bahari kuu. Yalipokaa sakafuni penye baridi kwa mamilioni ya miaka, chokaa yake iliyeyuka na kujijenga upya kidogo kidogo, na ujenzi huo mpya ukaandika baridi ya sakafu juu ya joto la juu. Udongo mfinyanzi wa Kilwa ulikuwa umeyafunga maganda yake yasipenywe na maji, na haukuzikwa kina kirefu mno. Kwa hiyo yalibaki kama yalivyokufa.

Baada ya hapo ukaja mradi wa uchorongaji, ulioanza miaka ya mwanzo ya 2000 kwa ushirikiano na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania, TPDC. Visima vyembamba vilichimbwa kati ya Kilwa na Lindi, na kila kimoja kikatoa nguzo ya udongo wa zamani ukiwa umepangika tabaka kwa tabaka. Joyce Singano wa TPDC, mtaalamu wa visukuku vidogo, alikuwa nguzo ya kazi hiyo, na mwaka 2014 spishi moja ya foraminifera wa Eosini ikaitwa kwa jina lake, Hantkenina singanoi. Haikuwa mara ya kwanza Lindi kuwapa wanasayansi majina mapya. Mwaka 1962 Walter Blow na Frederick Banner walikuwa wameeleza spishi kadhaa za foraminifera kutoka miamba ya Lindi. Tofauti ni kwamba safari hii jina lililoingia kwenye vitabu vya dunia ni la Mtanzania aliyekuwa kwenye kazi yenyewe, na mimi nalitaja kwa fahari.

Je, nguzo hizo zinasema nini kuhusu volkano? Zinasema mambo matatu, na hayana uzito sawa.

La kwanza ni la zamani zaidi na nitalipita upesi. Takriban miaka milioni 94 iliyopita volkano kubwa za chini ya bahari, hasa eneo la Karibi, zilimwaga lava nyingi mno. Bahari nyingi zilipungukiwa oksijeni na kuacha matope meusi. Kisima namba 31 mkoani Lindi kinashika muda uliofuata, na utafiti wa Kenneth MacLeod na wenzake uliochapishwa mwaka 2013 ulionyesha bahari ya juu yenye zaidi ya nyuzi 30, tena yenye joto lililotulia. Hapo awali kulikuwa na waliodai kwamba hata katika joto lile barafu kubwa ilijitokeza na kutoweka kwenye ncha. Maganda ya Lindi hayaonyeshi dalili hiyo. Kwa maoni yangu hiki ni kipande muhimu: volkano zinapotoa kaboni kwa wingi na kwa muda mrefu, bila mshtuko, dunia huhamia kwenye joto jipya na kukaa humo. Viumbe wengi huzoea.

La pili ndilo kubwa. Miaka milioni 56 iliyopita, mpakani mwa Paleosini na Eosini, joto la dunia lilipanda kwa nyuzi 5 hadi 6 ndani ya maelfu machache ya miaka. Wakati huo Greenland ilikuwa inaachana na Ulaya na lava ilikuwa ikimwagika Atlantiki ya kaskazini. Mwaka 2004 Henrik Svensen na wenzake walionyesha kwamba pwani ya Norway, chini ya sakafu ya bahari, kuna mamia ya matundu ya kale. Magma ilikuwa imejipenyeza kwenye miamba yenye mabaki ya viumbe, ikaipika, na gesi iliyotokana ikapasua njia kwenda juu. Kwa msomaji wa Kilwa jambo hili si geni sana. Chini ya Songosongo kuna gesi asilia, iliyogunduliwa mwaka 1974 na kuanza kutumika kuzalisha umeme Dar es Salaam mwaka 2004. Gesi hiyo ilitokana na mabaki ya viumbe yaliyopikwa na joto la kawaida la ardhini, taratibu, kisha ikafungiwa na miamba isiyopenyeka. Kule Atlantiki kupika kulifanywa na magma, kwa haraka, na hapakuwa na kifuniko cha kutosha.

Kulikuwa na ubishi mrefu kama kaboni ile ilitoka kwenye volkano au kwenye methani iliyogandishwa chini ya bahari. Ubishi huo una maana, kwa kuwa kila chanzo kina alama yake. Kaboni ya methani ni nyepesi sana, ya volkano ni nzito zaidi, na ya mabaki ya viumbe iko katikati. Ukijua alama peke yake hujui kiasi: methani kidogo inaweza kuacha alama sawa na volkano nyingi. Njia ya kutoka ilipatikana kwenye boroni. Boroni iliyomo ndani ya ganda hubeba habari ya asidi ya maji, na asidi hutegemea hewa ukaa iliyoingia baharini. Mwaka 2017 Marcus Gutjahr na wenzake walitumia maganda ya Atlantiki na kupata zaidi ya tani trilioni 10 za kaboni, kiasi ambacho kwa alama yake kinaelekeza kidole kwenye volkano kama chanzo kikuu. Naukubali uamuzi huo. Methani huenda iliongezea, lakini mzigo mkubwa ulibebwa na magma.

Kisima namba 14 cha mradi wa Tanzania kimepita ndani ya tukio hilo. Ndani yake alama ya kaboni inaanguka ghafla, na joto la bahari linapanda kwa zaidi ya nyuzi 3 mahali ambapo tayari palikuwa na joto. Watafiti walioyachunguza maganda yake, wakiongozwa na Tracy Aze, mwaka 2014 walipendekeza kwamba joto lilizidi uwezo wa foraminifera wanaoelea na kuwaondoa. Tropiki, makao ya viumbe vinavyopenda joto, ilikuwa imevuka mpaka wa uhai wao. Udongo wenyewe pia ulibadilika. Nta za majani ya nchi kavu na udongo kutoka bara viliongezeka baharini, na watafiti wamesoma humo hali ya ukavu uliokatizwa na mvua za vishindo. Mwezi Mei 2024 tuliona barabara ya Dar es Salaam na Lindi ikikatika eneo la Somanga kwa mvua zilizoambatana na kimbunga Hidaya, na maji ya mito yakiingia baharini yakiwa mekundu kwa udongo. Tukio moja halithibitishi lolote kuhusu miaka milioni 56 iliyopita. Lakini anayetaka kujua mvua ya vishindo inafanya nini kwa ardhi ya pwani hii hana haja ya kwenda mbali.

Jambo ambalo watu hulisahau kuhusu tukio hili ni kupona kwake. Kidhibiti cha dunia kilifanya kazi: miamba ililiwa zaidi, chokaa ikarudi sakafuni, joto likashuka. Ilichukua zaidi ya miaka 100,000.

La tatu ni upande wa pili, na hapa ndipo Kilwa ilipotoa mchango ambao hakuna mahali pengine palipoutoa. Baada ya kilele cha joto cha Eosini, takriban miaka milioni 50 iliyopita, hewa ukaa ilianza kupungua. Mwaka 2016 Eleni Anagnostou na wenzake walitumia maganda ya Tanzania kupima safari hiyo. Walipata takriban sehemu 1,400 kwa kila milioni wakati wa joto kuu, kisha kushuka kwa muda mrefu kuelekea mwisho wa enzi. Kabla yao, mwaka 2009, Pearson, Gavin Foster na Bridget Wade walikuwa wamepima mwisho wenyewe wa safari kwenye sampuli kutoka Pande na Stakishari, mkoani Lindi, ambapo foraminifera wenye miiba wa jamii ya Hantkenina wanatoweka kabisa. Walikuta kwamba barafu kubwa ya Antaktika ilianza kujengeka hewa ukaa iliposhuka kuvuka takriban sehemu 750 kwa kila milioni, karibu miaka milioni 34 iliyopita. Barafu ya ncha ya kusini imepimiwa mwanzo wake kwa udongo wa mkoa wa Lindi. Natamani kila mwanafunzi wa mkoa huo alijue hilo kabla hajamaliza shule.

Kwa nini ilishuka? Hapa ushahidi ni mwembamba zaidi na maoni yanagawanyika. Wapo wanaosema milima ya Himalaya ilipoinuka ilitoa miamba mipya ya kuliwa na mvua, ikanywa kaboni. Dennis Kent na Giovanni Muttoni mwaka 2008 walitoa hoja ambayo mimi inanivutia kwa kuwa inahusu bahari yetu. India ilikuwa imesafiri kuelekea kaskazini, na mbele yake sakafu ya bahari ya kale iliyojaa chokaa ilikuwa ikizamishwa na kuchomwa chini ya Asia, volkano zikirudisha hewa ukaa. India ilipogonga Asia, tanuri likakosa mawe. Sidhani kwamba lazima tuchague moja. Kutoa kulipungua na kurudisha kukaongezeka, na hewa ukaa ikashuka kwa sababu zote mbili.

Anayedhani volkano kubwa lazima ilete joto kubwa aitazame Ethiopia. Takriban miaka milioni 30 iliyopita nyanda za juu za nchi hiyo zilijengwa na lava iliyomwagika kwa unene wa mamia ya mita, mahali pengine zaidi ya kilomita moja, sehemu kubwa ndani ya takriban miaka milioni moja. Ulikuwa mlipuko wa jirani yetu na wa ukubwa wa kuogofya. Hata hivyo dunia haikurudi kwenye joto la Eosini, na barafu ya Antaktika haikutoweka. Nadhani sababu ni hii tunayoifuata tangu mwanzo: lava ilipita kwenye miamba isiyo na mabaki mengi ya viumbe ya kupika, na ilitoa kaboni yake kwa mwendo ambao mvua na miamba viliweza kuufuata.

Kwa hiyo mtu akiniambia kwamba joto la leo ni kazi ya volkano, kwa kuwa volkano zimefanya hivyo zamani, namjibu kwa tarakimu. Makadirio mengi yanaweka hewa ukaa ya volkano zote za leo, za nchi kavu na za baharini, chini ya tani bilioni moja kwa mwaka. Mafuta, makaa ya mawe, gesi na saruji hutoa takriban tani bilioni 37. Lengai yote, kwa kipimo cha juu cha miaka ya 1990, haifiki tani milioni 3 kwa mwaka. Kuhusu tukio la miaka milioni 56 iliyopita, Richard Zeebe na wenzake walikadiria mwaka 2016 kwamba kaboni ilitoka kwa kasi isiyozidi takriban tani bilioni 1.1 kwa mwaka. Ndani ya tani bilioni 37 za hewa ukaa tunazotoa sisi, kaboni yenyewe ni takriban tani bilioni 10 kwa mwaka. Kwa wingi hatujaifikia Atlantiki ya kale. Kwa kasi tumeizidi karibu mara kumi, na ni joto lililokuja kwa kasi linaloelekea kuwaondoa foraminifera wa Kilwa.

Hewa yetu sasa ina zaidi ya sehemu 420 za hewa ukaa kwa kila milioni, kutoka takriban 280 kabla ya viwanda. Bado hatujafika 750 ya Pande. Hilo si la kujifariji nalo, kwa sababu barafu haihitaji kuyeyuka yote: maji yake yakiongezeka baharini hata kwa sehemu ndogo, Kilwa Kisiwani ni miongoni mwa mahali pa kwanza kuumia. Magofu yake yamo kwenye orodha ya urithi wa dunia tangu mwaka 1981, na mengine yako kando kabisa ya maji.

Kwa wanaoandaa vitabu vya jiografia vya sekondari nina ombi moja. Mada ya volkano ina Kilimanjaro, Meru na Lengai, na ni sawa. Ongezeni Kilwa: matabaka manne na majina yake, kisima namba 14, sampuli za Pande na Stakishari, na jina la Joyce Singano. Na kwa walimu wa Kilwa na Lindi ambao hawataki kusubiri kitabu, foraminifera wa udongo huu wanaonekana kwa hadubini ya kawaida ya maabara ya shule. Wapelekeni wanafunzi wakachote udongo, wauoshe wenyewe, wawaone.